Muuguzi Anayesoma Akiwa Kazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Dodoma na Kanda ya Kati

Maswali haya yamenifikia kwa njia nyingi: mengine kwenye makabidhiano ya zamu asubuhi, mengine kwa simu kutoka Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, mengine kwa sauti ya chini kwenye korido baada ya matroni kupita. Mimi ni muuguzi. Nilianza na cheti, nikapanda hadi shahada nikiwa kazini, na sasa naratibu mafunzo ya wauguzi wenzangu hapa Dodoma. Majibu mengi yanawahusu walioajiriwa serikalini. Wa hospitali za mashirika ya dini na za binafsi wana sehemu yao huko chini. Kuna jambo moja mtaliona likijirudia, na nalirudia makusudi: ruhusa ya masomo haianzi siku barua ya chuo inapofika. Inatengenezwa miezi mingi kabla, kwenye mpango wa mafunzo na kwenye rosta ya wodi.

Je, kusomeshwa na mwajiri ni haki yangu?

Tutenganishe mambo mawili. Kujiendeleza kitaaluma ni wajibu wako. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imeliweka Baraza la Uuguzi na Ukunga kuwa msimamizi wa usajili na leseni zetu, na leseni haihuishwi kwa mtu ambaye hajajifunza chochote tangu alipomaliza chuo. Mwajiri anayetaka muuguzi mwenye leseni hai anapaswa kumwachia nafasi ya kujifunza. Kwa hiyo kikao cha mafunzo cha wodini, semina ya siku mbili au mafunzo elekezi kwa anayeanza kazi usivione kama zawadi.

Masomo ya muda mrefu, yaani kutoka cheti kwenda stashahada, au stashahada kwenda shahada, huku mshahara unaingia, yana mlango mwingine. Hapo mwajiri anaangalia mahitaji ya kituo, mpango wa mafunzo wa mwaka na bajeti. Unastahili kuomba na unastahili kujibiwa. Kukubaliwa kunategemea hayo niliyoyataja, na pia jinsi ulivyojipanga.

Nimeajiriwa mwaka huu. Naweza kuomba ruhusa ya masomo?

Subiri uthibitishwe kazini kwanza. Kipindi cha majaribio serikalini ni miezi 12, na barua ya kuthibitishwa ndiyo ya kwanza kuulizwa na Afisa Utumishi. Ukiona miezi 12 imepita na hujapata barua, ifuatilie, usikae kimya. Nimeona watu wanakosa nafasi ya chuo kwa sababu ya karatasi hiyo moja iliyosahaulika kwenye jalada.

Muda huo wa kusubiri usiupoteze. Ndio wa kuhakikisha vyeti vyako vya kidato cha nne vinatosha kwa kozi unayoitamani.

Vyeti vya kidato cha nne vinahusianaje wakati nina stashahada tayari?

Vinahusika sana, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Anayeomba shahada ya uuguzi kwa kutumia stashahada huulizwa GPA, yaani wastani wa alama za chuoni, kwa kawaida kuanzia 3.0, lakini pia huulizwa ufaulu wa masomo ya sayansi ya sekondari. Kuna wauguzi hodari kabisa, watu wa kuaminiwa na mgonjwa mahututi usiku kucha, wamekwama kwa sababu ya fizikia au hisabati waliyoifeli wakiwa na miaka kumi na saba.

Dawa yake ni kurisiti. Unajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Maana yake usajili unatakiwa ufikiriwe mwanzoni mwa mwaka, na kwa ratiba ya kawaida utaomba chuo mwaka unaofuata. Usione haya kukaa chumba kimoja cha mtihani na vijana. Mimi nilikaa nao, nikiwa nimetoka zamu ya usiku siku mbili kabla, na yule binti aliyekuwa dawati la mbele yangu ndiye aliyeniazima kalamu.

Soma mwongozo wa udahili wa mwaka husika wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa shahada, au wa NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) kwa cheti na stashahada, kabla hujalipa ada ya maombi popote. Vigezo hubadilika, na maneno ya vijiweni huwa ya miaka mitano iliyopita.

Mpango wa mafunzo ni nini, na jina langu linaingiaje?

Kila taasisi ya umma hutakiwa kupanga nani atakwenda kusoma, kozi gani, lini na kwa gharama ya nani. Mpango huo unafuata mwaka wa fedha, unaoanza 1 Julai. Sasa angalia mtego ulipo: bajeti ya Julai inaandaliwa miezi mingi nyuma, vyuo vikuu vinafungua dirisha la maombi katikati ya mwaka, na masomo yanaanza Oktoba au Novemba. Anayesubiri barua ya udahili ndipo amwone Afisa Utumishi, anafika wakati mpango umeshafungwa. Anaambiwa "bajeti haikukuona", anarudi analia, anadhani amechukiwa.

Kwa hiyo peleka barua ya kuomba kuingizwa kwenye mpango mwezi wa Novemba au Desemba, hata kama bado huna chuo. Taja kozi, muda wake, na kwa nini kituo chako kinaihitaji. Hili la mwisho lipe uzito. Barua inayosema "naomba kujiendeleza kielimu" inafanana na nyingine hamsini. Barua inayosema kwamba kituo chenu cha afya kimefungua chumba cha upasuaji na hakuna muuguzi aliyesomea kazi za chumba cha upasuaji, hiyo Mganga Mfawidhi ataibeba mwenyewe hadi kwenye kikao.

Barua ipitie kwa muuguzi kiongozi wako, kisha Mganga Mfawidhi, kisha Muuguzi Mkuu wa Wilaya na Mganga Mkuu wa Wilaya, ndipo ifike kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Hospitali kubwa zina Katibu wa Afya au ofisi yao ya utumishi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ni mali.

In-charge wangu ameniruhusu kwa mdomo. Inatosha?

Haitoshi, na nalisema hili kwa uchungu. Miaka ya nyuma, katika kituo nilichokuwa nafanya kazi, kiongozi wangu aliniambia nenda tu, tutapanga zamu zako. Nikaenda. Baada ya miezi minne akahamishwa. Aliyekuja hakukuta karatasi yoyote yenye jina langu, akakuta muuguzi ambaye haonekani siku tatu za wiki. Niliitwa kujieleza kwa utoro. Nilipona kwa sababu wenzangu walisimama kunishuhudia na rosta za zamani zilikuwa bado zipo, lakini muhula ule wa masomo niliupoteza.

Utumishi wa umma una kanuni kali kuhusu utoro: kutoonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa kunaweza kukufukuzisha kazi. Neno la mdomo halitakukinga. Ruhusa ya masomo ni barua ya mwajiri, kwa maana ya Mkurugenzi au mwenye mamlaka hayo, na inataja tarehe ya kuanza na ya kurudi. Ukipata barua ya chuo kabla ya barua ya mwajiri, omba chuo kikuahirishie udahili. Kuchelewa mwaka mmoja kunauma. Kufukuzwa kunauma zaidi.

Mimi ndiye kiongozi wa wodi. Nikimruhusu mmoja, wodi inakufa. Nifanyeje?

Swali hili naliheshimu kuliko mengine yote, kwa sababu wengi wanaokataa ruhusa hawana roho mbaya. Wanahesabu vichwa.

Tuhesabu pamoja. Chukua wodi yenye wauguzi kumi. Asubuhi unahitaji watatu, jioni wawili, usiku wawili. Hizo ni zamu saba kwa siku, zamu 49 kwa wiki. Kila muuguzi akifanya zamu tano kwa wiki, una zamu 50 za kugawa. Yaani wodi nzima ina akiba ya zamu moja. Mmoja akienda masomoni unabaki na 45, umepungukiwa nne kila wiki. Mwingine akiingia likizo yake ya siku 28, una 40 na pengo la zamu tisa. Mtoto wa mmoja wao akiugua, ndipo unamkuta muuguzi mmoja usiku na wagonjwa thelathini.

Hesabu hiyo ndiyo ya kupeleka kwa Muuguzi Mkuu wa Wilaya, kwenye karatasi, miezi sita kabla. Ukienda na maneno kwamba "tuko wachache", utaambiwa kila mtu yuko mchache. Ukienda na zamu 49 dhidi ya 45, mnazungumza habari ya kumleta mtu kutoka wodi nyingine, au kusogeza likizo zisigongane na miezi ya mitihani, au kumwomba mtumishi wa kujitolea kwa kipindi hicho.

Yapo mengine niliyoyaona yakifanya kazi. Panga foleni ya masomo inayojulikana na wote na ibandike ukutani: huyu mwaka huu, yule mwaka kesho, na sababu zake. Fitina nyingi za wodini hutokana na watu kutojua zamu yao ya kusoma itafika lini. Tena, ratiba ya mitihani ya anayesoma akiwa kazini iombwe mwanzo wa muhula, isije ikajulikana juma la mwisho. Kwenye zahanati yenye wauguzi wawili tu, kama zilivyo nyingi huko Bahi na Chemba, usimtoe mmoja kabla mbadala hajaripoti na kukabidhiwa leba. Mama mjamzito wa kijiji hicho hana zahanati nyingine ya kukimbilia.

Nikipangiwa usiku tu, mchana si nitakuwa huru kusoma?

Wengi hufanya hivyo na huwa wanaona wamegundua njia. Nimefanya, najua. Unatoka usiku asubuhi, unapanda daladala kwenda chuo, unakaa darasani macho yamefunguka na akili imelala, jioni unarudi kazini. Wiki ya tatu unasoma kipimo cha dawa mara mbili na bado huna uhakika. Mgonjwa anayechomwa dozi ya mtu mwingine hatajua kwamba wewe ulikuwa na mtihani.

Zamu moja au mbili za usiku kwa wiki, na siku ya kipindi iwe baada ya siku ya kupumzika: hivyo inavumilika. Kiongozi wa wodi anayempanga mwanafunzi usiku mfululizo kwa muhula mzima hamsaidii, anamtwika tu mzigo ambao mgonjwa ndiye atakayeulipa.

Nani analipa ada?

Kuna njia tatu, na zote zina masharti. Mwajiri anaweza kulipa yote au sehemu, ikiwa kozi imo kwenye mpango na fedha zipo. Katika halmashauri nyingi unachopata kwa uhakika zaidi ni ruhusa na mshahara, ada unajitegemea. Wizara ya Afya nayo hutangaza ufadhili, hasa kwa masomo ya ubingwa. Soma tangazo lenyewe uone kama kada yako imetajwa. Njia ya tatu ni mfuko wako.

Kuhusu Bodi ya Mikopo: mikopo ya wanafunzi imekusudiwa wasio na kipato cha ajira, na fomu inakuuliza. Usidanganye. Kama wewe ni mnufaika wa zamani, unajua tayari kwamba asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi hadi deni liishe. Hesabu hilo kabla hujachukua mkopo wa benki wa ada, maana makato ya mtumishi hayatakiwi kukuacha chini ya theluthi moja ya mshahara wako wa msingi. Ukifika kwenye theluthi mwaka wa kwanza wa masomo, mwaka wa pili utaukuta huna pa kukopa.

Kinachowasaidia wengi hapa kwetu ni SACCOS ya watumishi na vikoba. Kuna wodi moja ninayoifahamu ambayo wauguzi wake wanacheza upatu na wamekubaliana kwamba mwenye ada ya muhula ndiye anayepokea mwezi wa kufungua chuo. Wameshasomesha watatu hivyo, bila mtu wa nje kuwashika mkono. Nawaombea heri.

Mkataba wa kurudi kutumikia nisome nini humo?

Mwajiri akikulipia, au akikupa mshahara kwa miaka ya masomo, ni sawa kabisa akutake urudi kumtumikia kwa muda. Soma miaka ni mingapi na inaanza kuhesabiwa lini. Soma pia utadaiwa nini ukiondoka kabla, kama ni deni lote au linapungua kadiri ulivyotumikia. Uliza itakuwaje ukihamishwa kwa uamuzi wa serikali, au ukirudia mwaka chuoni. Usisaini siku hiyohiyo. Nenda nao nyumbani, msomee mtu anayekupenda.

Nafanya kazi hospitali ya binafsi, au ya kanisa. Haya yananihusu?

Kwa sehemu. Ajira yako inaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inakupa likizo ya mwaka ya siku 28, na wiki ya kazi isiyozidi saa 45 bila ya ziada. Likizo ya masomo yenye malipo haimo, hivyo inatoka kwenye mkataba wako, kwenye mkataba wa hiari ambao chama cha wafanyakazi kimefunga na mwajiri au kwenye sera ya hospitali. Ndiyo maana nasema mambo hayo yaulizwe siku ya usaili, wakati hospitali inakuhitaji.

Jambo la kuwa macho nalo ni makato. Mwajiri akikulipia ada kisha akataka kukukata kidogokidogo, ni lazima pawe na makubaliano ya maandishi uliyoyasaini, yanayotaja kiasi. Kukukatia mshahara kwa sababu "tulikusomesha", bila karatasi, ni jambo la kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ofisi yao ipo hapa Dodoma. Anza lakini kwa mazungumzo. Hospitali nyingi za kanisa zinaendeshwa na watu wanaosikia.

Wapo pia wauguzi wa serikali waliopangwa kwenye hospitali za mashirika ya dini. Wewe una wakubwa wawili. Uongozi wa hospitali unakupangia zamu, Mkurugenzi wa Halmashauri anashika utumishi wako. Ruhusa uipate kwa wote wawili.

Mwajiri hana fedha kabisa. Kuna msaada gani anaoweza kutoa?

Mwingi, na nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba mafunzo ni hoteli, bahasha ya posho na cheti cha kubandika.

Hospitali ya Haydom, jirani zetu wa Manyara, imetufundisha kitu. Utafiti uliofanyika pale na kuchapishwa mwaka 2013 uliwafuata wakunga baada ya kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga aliyeshindwa kupumua. Kwenye mwanasesere wa mazoezi walifanya vizuri zaidi ya mwanzo. Leba, na mtoto wa kweli mkononi, utendaji haukubadilika. Hospitali ileile ilipoanzisha mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua. Mazoezi ya namna hiyo yakapelekwa baadaye, pamoja na vifaa na ufuatiliaji wa takwimu, kwenye vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionesha vifo vya akina mama katika vituo hivyo vimepungua kwa takriban asilimia 75, na vya watoto wa siku ya kwanza kwa asilimia 40.

Nilipoyasoma niliondoka kwenye kiti. Mwanasesere, begi la kupulizia hewa na mask yake, dakika kumi kabla ya makabidhiano, mara moja kwa wiki. Hakuna nauli wala ukumbi. Kinachotakiwa ni kiongozi wa wodi aseme: Jumatano saa moja na nusu asubuhi tunapuliza, na asiahirishe kwa sababu ya kikao.

Mwajiri asiye na fedha anaweza pia kutenga chumba kimoja chenye meza, umeme na kompyuta, na kukifungua hadi saa nne usiku. Anaweza kumpa anayesoma siku mbili za kujiandaa kabla ya mtihani. Anaweza kumwandikia barua muuguzi wa Manyoni akajifunze wiki mbili Hospitali ya Mirembe hapa Dodoma, ambako wagonjwa wa afya ya akili wamekuwa wakihudumiwa tangu miaka ya 1920, au Hospitali ya Benjamin Mkapa kwenye kitengo cha usafishaji damu. Barua hiyo inagharimu karatasi. Aliyekwenda anarudi akijua kumtuliza mgonjwa aliyechanganyikiwa bila kumfunga kamba kitandani, na wenzake wanajifunza kwa kumwona.

Mafunzo ya wodini yanahesabika kwenye pointi za CPD, yaani za kujiendeleza kitaaluma?

Yanahesabika ikiwa yameandaliwa na kuandikwa kwa utaratibu unaotambuliwa na Baraza. Shida yetu kubwa ni kumbukumbu. Mnafundishana mwaka mzima, na mwisho wa mwaka hakuna hata daftari. Kila kikao kiwe na mada, tarehe, mwezeshaji na sahihi za waliohudhuria, na mratibu wa mafunzo aingize taarifa kwa wakati. Wewe binafsi tunza jalada lako nyumbani, kwenye bahasha ngumu isiyoliwa na panya.

Niko zahanati, mtandao ni wa kusuasua. Kozi za mtandaoni zitanifaa?

Zitakufaa ukipakua masomo kabla. Siku unapokwenda makao makuu ya wilaya kupeleka ripoti ya mwezi, tenga saa moja kwenye ofisi yenye mtandao mzuri, pakua yote, kisha usome kwa utulivu kijijini. Na ewe Muuguzi Mkuu wa Wilaya unayesoma hapa: mwambie kijana wa TEHAMA awape hao wageni nywila ya mtandao wa ofisi. Bando la mfukoni haliwezi kubeba video za somo la moyo.

Bosi amekataa. Nimwendee nani?

Kwanza omba jibu kwa maandishi, kwa adabu. "Shikamoo mama, naomba unijibu kwenye barua ili nijue nirekebishe nini" ni sentensi ambayo haijawahi kumgombanisha mtu. Mara nyingi sababu ni ya muda, kama upungufu wa watumishi au mpango kufungwa, na hiyo inakupa mahali pa kuanzia mwaka ujao. Ukiona umerukwa mara mbili huku waliokufuata kazini wanakwenda, mwone mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi, TUGHE au TALGWU, umpe nakala zako zenye mihuri. Usianzie kwenye kundi la simu la watumishi. Nimeona madai ya haki kabisa yakiharibika kwa sababu yalianza kwa matusi.

Nimemaliza shahada. Kwa nini mshahara haujabadilika?

Kwa sababu cheti cha chuo hakibadilishi cheo chenyewe. Sajili sifa yako mpya kwa Baraza, kisha peleka nakala na barua ya kuomba kubadilishiwa kada kwa mwajiri. Kutoka Muuguzi kwenda Afisa Muuguzi Msaidizi, au kutoka hapo kwenda Afisa Muuguzi, kunahitaji nafasi iwepo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na fedha ziwepo kwenye bajeti ya mishahara, ndipo kibali kipatikane. Hapa tena mwaka wa fedha unatawala. Peleka barua ya taarifa ukiwa mwaka wa mwisho, ili mwajiri akuweke kwenye makadirio kabla hujarudi.

Mwenye utumishi mrefu aulize jambo moja zaidi, kwa maandishi: nitaingizwa daraja gani kwenye kada mpya, na mshahara wangu wa sasa utakuwaje? Muuguzi wa miaka kumi na mitano anaweza kujikuta anaanza daraja la kuingilia pamoja na waliotoka chuo juzi. Ni bora ulijue hilo mapema ukaamua kwa moyo mkunjufu.

Nimerudi, nimepangwa kitengo kisichohusiana na nilichosomea.

Hili linaniumiza. Mtu amesomea huduma za wagonjwa mahututi miaka miwili, amekula mlenda na ugali wa kupimiwa ili ada itoshe, anarudi anapangwa chumba cha kufungia vidonda kwa sababu "ndiko kulikopungua". Akihama baada ya hapo, tunasema hana shukrani. Makubaliano ya kitengo atakachofanyia kazi yaandikwe kabla hajaondoka, kwenye barua ileile ya ruhusa. Na aliyerudi apewe nafasi ya kuwafundisha wenzake ndani ya mwezi wa kwanza, akiwa bado ana moto.

Naweza kutumia likizo ya uzazi kusoma?

Likizo ile ya siku 84 ni ya mwili wako na ya mtoto. Soma kurasa mbili mtoto akilala kama unataka, lakini usiipangie mitihani.

Nina miaka 52. Bado kuna maana?

Serikalini kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60, na mwajiri anayepanga kozi ya miaka mitatu atahesabu miaka utakayobaki kutumikia. Sitakuficha, kozi ndefu kwa gharama ya mwajiri itakuwa ngumu. Kozi fupi ziko wazi kwako kama kwa mwingine yeyote.

Ila kuna ninalokuomba, dada yangu. Wewe umezalisha watoto ambao sasa wanaleta watoto wao. Unajua kwa kiganja cha mkono kwamba kizazi hakijajikaza, kabla damu haijafika sakafuni. Vijana waliotoka chuo hawana hicho, na hakuna kozi ya mtandaoni itakayowapa. Leba yetu hufanya mazoezi Jumatano saa moja na nusu asubuhi, na nafasi ya mwezeshaji ya wiki ijayo iko wazi. Daftari liko mezani kwa matroni. Jina lako nimekuachia mstari wa juu.